FM hufifia, dijitali hukatika: ipi ina usikivu mpana?

Ukitoka mjini kwa gari huku umefungulia kituo cha FM, hakikuagi ghafla. Kwanza stirio inapotea, kwa sababu redio yenyewe hurudi mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, ili kupunguza kelele. Kisha mkwaruzo unaanza, na sauti inakwenda na kurudi kila unapopita nyuma ya kilima. Kama mpira haujaisha, utavumilia kilomita nyingi namna hiyo. Redio ya dijitali haina safari hiyo. Sauti ni safi, inaendelea kuwa safi, halafu inakatakata kidogo na kuwa kimya.

Hapo ndipo mjadala wa ipi inafika mbali unapoharibika. Mpaka wa FM huwekwa na msikilizaji, na mwenye subira huusogeza mbele. Mpaka wa dijitali huwekwa na chombo: redio husahihisha makosa ya data hadi kiwango fulani, yakizidi inanyamaza, upende usipende. Ramani mbili za usikivu zikiwekwa mezani bila kusema mstari umechorwa kwa kigezo gani, mimi siziamini.

Chukua HD Radio, mfumo wa redio ya dijitali ulioidhinishwa Marekani mwaka 2002. Dijitali yake husafiri kandokando ya wimbi lilelile la FM, kwenye mnara uleule. Wengi waliopima walikuta FM inakwenda mbali zaidi, wakasema dijitali ni dhaifu. Lakini mwanzoni dijitali ilipewa asilimia 1 tu ya nguvu ya FM, isije ikavuruga vituo jirani. Mwaka 2010 ikaruhusiwa kupanda hadi asilimia 10. Huko ni kushindanisha koroboi na karabai. Cha kushangaza ni kwamba koroboi ile ilimulika eneo kubwa kiasi kile. Na ikizimika, redio hurudi kwenye FM yenyewe, mara nyingi bila dereva kugundua. Idhaa za ziada zilizopachikwa humo ndizo hazina pa kurudi, kwa kuwa FM haizibebi.

DAB, mfumo mwingine wa redio ya dijitali unaotumika sana Ulaya, ni habari nyingine. Mawimbi yanayogonga majengo na milima huitesa FM, kwani mwangwi unaochelewa huharibu sauti. DAB iliundwa ikijua mwangwi utakuja: hata ukichelewa hadi mikrosekunde 246, yaani umesafiri takriban kilomita 74 za ziada, bado unaisaidia redio badala ya kuisumbua. Ndiyo maana minara mingi inaweza kurusha matangazo yaleyale kwenye masafa yaleyale. Bonde likiwa na pengo la usikivu, unasimamisha mtambo mdogo hapo bila kutafuta masafa mapya. Kwenye FM, minara jirani ikifanya hivyo huishia kugombana palipo na mpishano wa mawimbi.

Kwa hiyo mnara mmoja kwa mmoja, pembezoni, ningechagua FM. Mtandao kwa mtandao, ningechagua dijitali, ilimradi kuna fedha ya kujenga minara ya kutosha, na hilo si sharti dogo. Norway ilijenga, ikazima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017, ingawa vituo vingi vidogo vya maeneo vilibaki hewani. Uswisi, shirika la utangazaji la umma SRG SSR lilizima FM yake mwishoni mwa 2024, likapoteza wasikilizaji. Mawimbi ya dijitali yalikuwa yamewafikia. Wengi ndio walikuwa bado na redio za FM, hasa kwenye magari.

Jambo hilo halionekani kwenye ramani yoyote ya mafundi. Nayo mara nyingi huchorwa kwa kukadiria antena iliyo juu ya paa au ya gari barabarani, ilhali msikilizaji amekaa chumba cha ndani na redio ndogo mkononi, waya wake umening'inia nyuma ya kabati. Ningependa vipimo vianzie kwake, kwa mifumo yote miwili.