Chromebox: ibaki na kivinjari tu, au ifunguliwe?

Chromebox ni kompyuta ndogo ya mezani: unaichomekea skrini, kibodi na mausi, kisha karibu kazi zote unazifanya ndani ya kivinjari cha Chrome. Samsung ilitoa ya kwanza mwaka 2012. Mwaka 2014 Asus ikaja na yake, dola 179 kwa bei ya Marekani, RAM GB 2 na hifadhi GB 16. Tangu hapo wenye nazo hawasemi mamoja. Kuna wanaotaka ibaki ilivyo, na kuna wanaoona mashine nzima imefungwa kamba bure.

Hoja ya wale wa kwanza ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Kila ikiwaka, Chromebox hukagua kama mfumo wake, ChromeOS, umechezewa. Masasisho hujishusha yenyewe. Mambo yakivurugika, unaifuta yote, unaingia kwenye akaunti yako na kazi ulizohifadhi mtandaoni unazikuta. Kwa mzazi anayesoma barua pepe, utulivu huo ni mali. Ukiwasha hali ya wasanidi, inayokuruhusu kubadilisha mfumo, ili uifungue, data iliyomo inafutika na ukaguzi ule unalegezwa.

Lakini bando likiisha je? Google Docs huandikika bila intaneti, ila mpaka uwe umeiwezesha mapema. Halafu ile Asus ina nafasi mbili za RAM, na diski yake hubadilishwa kwa bisibisi tu. Kuiacha na GB 2, vichupo vikijipakia upya kila ukigeuka, ni kuionea.

Mwaka 2018 Google iliruhusu Linux, mfumo huria wa kompyuta, iendeshwe ndani ya ChromeOS hiyohiyo, imetengwa, bila kugusa ukaguzi. Unaweka LibreOffice ya kuandikia au GIMP ya kuhariri picha na kazi inaendelea hata mtandao ukikata. Mimi ningeongeza RAM kwanza, kisha ningewasha Linux hii. Wengi hawatahitaji zaidi. Bahati mbaya si mashine zote za zamani zilizoipata.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni tarehe ya mwisho wa masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza miaka 10, ila inahesabiwa tangu aina ya mashine ilipotoka, si tangu uliponunua yako. Tarehe ikipita, hoja ya usalama inahamia upande wa pili. Kila kitu kinapitia kwenye kivinjari, na matundu ya kivinjari hicho hayazibwi tena. Hapo kuweka Linux kamili badala ya ChromeOS ndiko kuilinda mashine. Kazi yenyewe si ya pupa: kwenye nyingi za zamani unafungua skrubu ya kinga kwenye ubao mama, unaandika upya programu ya kuwashia, na umeme ukikatika katikati huenda isiwake tena. Nakili kwanza ile ya awali kwenye flashi.

Anayenunua ya mtumba afungue Mipangilio, aingie sehemu ya Kuhusu ChromeOS, aisome tarehe hiyo kabla hajatoa pesa.