Cape Point: mnara uliokosewa bado unastahili safari

Watu wengi wa Lubumbashi wanaovuka mpaka wa Kongo na Zambia pale Kasumbalesa kwenda Afrika Kusini hufuata bidhaa. Wachache wanaobakiwa na siku ya kutembea hufika Cape Town, na huko huambiwa wasirudi bila kuona Cape Point, rasi ya majabali ambako mnara wa taa wa mwaka 1860 ungali umesimama kileleni. Wakirudi nyumbani ubishi huanza. Kuna faida gani kulipa kiingilio cha hifadhi, kupanda ngazi zote zile huku upepo ukikusukuma, ili uone taa iliyokwisha kustaafu?

Wanaopinga si wajinga. Viza, basi na malazi ni pesa nyingi, na mnara wenyewe ni mfupi, wa chuma, hauongozi meli yoyote. Majengo ya wakoloni tunayo hapahapa. Sawa.

Ila wanaupima kwa uzuri wake, na uzuri si hoja. Wajenzi waliuweka zaidi ya mita 230 juu ya bahari kwa hesabu ambayo hata mimi ningeikubali: taa ikikaa juu, itaonekana mbali. Ilionekana mbali kweli, tena mno, hata manahodha wakajiamini na kuisogelea miamba. Halafu kuna mawingu. Hewa yenye unyevu ikipandishwa na jabali lile hupoa na mvuke wake kugeuka wingu kileleni, kwa hiyo chini bahari inaweza kuwa wazi huku juu taa ikiwaka ndani ya pamba. Tarehe 18 Aprili 1911 meli ya abiria ya Wareno, Lusitania (siyo ile ya Waingereza iliyozamishwa mwaka 1915), iligonga mwamba wa Bellows Rock karibu na rasi hiyo. Wengi waliokolewa, si wote.

Kutoka 1860 hadi 1911 ni miaka 51. Hesabu hiyo hainitoki kichwani. Mawingu hayakuzaliwa usiku ule. Kila mlinzi aliyekesha pale aliyaona kwa macho yake. Ilibidi meli nzima ya abiria ivunjike ndipo mnara mwingine ujengwe. Ule mpya, uliowashwa mwaka 1919, uko mita 87 tu juu ya maji. Chini zaidi, na unafaa zaidi! Ni wapi pengine utaona kosa na masahihisho yake kwenye jabali moja?

Sisi tunaoishi karibu na shemine (dohani) ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, tuna ubishi unaofanana na huo kuhusu teril, lile rundo la mabaki ya kuyeyushia madini. Anayetaka lichakatwe lote namwelewa, maana lina kobalti, na kobalti ni pesa. Mnara wa Cape Point hauna cha kuyeyusha. Ukiondolewa, hakuna atakachopata mtu, na hesabu ile iliyokosewa itabaki kwenye makaratasi tu.

Wanaorudi wakinung'unika, mara nyingi wamepanda kwa treni ndogo ya mlimani, wamepiga picha, wameshuka. Anayekwenda ashike njia ya miguu inayoelekea ncha ya rasi, hadi pale anapoweza kuutazama mnara mpya chini yake. Na asubuhi ikiwa ya mawingu, asiahirishe safari.