Mtungi wa Njano Ukingoni mwa Turkwel

Mwezi jana kijana mmoja mpigapicha alikuja kwenye kibanda changu cha kuchapisha picha, hapa Kisumu karibu na soko la Kibuye. Alitaka nimkuzie picha ya mto Turkwel, iende kutundikwa hotelini. Picha ya alfajiri: mchanga wa rangi ya chai ya maziwa, mikoma imeinamia ukingo, maji membamba yanang'aa katikati. Chini kushoto, mtungi wa njano kando ya shimo la maji lililochimbwa mchangani.

"Huo mtungi utoe, mzee," akaniambia. "Unaharibu pori."

Nilicheka, lakini hilo neno pori lilinikaa kichwani. Turkwel hutoka Mlima Elgon ukiitwa Suam, hupenya makorongo ya Pokot, kisha hukata jangwa kupitia Lodwar hadi Ziwa Turkana. Huko chini Waturkana wana kitu wanachokiita ekwar: kipande cha ukingo pamoja na migunga yake, ambacho ni cha familia fulani. Kiangazi kikikaza, maganda ya migunga hiyo ndiyo chakula cha mbuzi, na huwezi kuingiza wako bila kuomba. Mgeni mwenye kamera huona msitu usio na mwenyewe. Tena ule ukijani anaoupenda mara nyingi ni mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kupambana na jangwa, ukageuka kero. Watu wa Baringo hawahitaji kuelezwa.

Hata hivyo kijana alikuwa na hoja. "Nikimweka mama na mtungi, hoteli hainunui. Watakaonunua ni mashirika ya misaada, nao wanataka uso wenye njaa." Kweli tupu. Turkana tumeizoea kwa picha za aina moja: mzoga wa ng'ombe, mtoto, vumbi. Mto mtupu, pamoja na uongo wake, angalau unakiri kwamba kule kuna uzuri.

Na picha zisizo na watu zimewahi kufanya kazi kubwa. Mwaka 1874 Bunge la Marekani lilitoa dola 10,000 kununua mchoro wa Thomas Moran wa korongo la mto Colorado. Baadaye Eliot Porter alipiga picha Glen Canyon, kwenye mto huohuo. Kitabu chake kilitoka 1963, mwaka uleule milango ya bwawa ilipofungwa na maji yakaanza kulimeza korongo. Kilichelewa, ila uchungu wake haukupotea: baada ya kelele nyingi za watetezi wa mto, mwaka 1968 Bunge lilipitisha mradi wa Colorado bila mabwawa mawili yaliyopangwa kwenye Grand Canyon. Kinachonikera ni jina la kitabu hicho, lililosema hapo ni mahali ambapo hakuna aliyepajua. Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa ng'ambo ya pili ya maji.

Turkwel nao una bwawa lake, ukuta wa mita 153 uliokamilika 1991, wenye mtambo wa megawati 106. Umeme tunauhitaji, sibishi. Mashine zangu haziendeshwi kwa upepo wa ziwa. Lakini ukuta ule ulibadili mafuriko yaliyokuwa yakinywesha migunga ya chini. Anayetaka kulilalamikia hilo kwa picha lazima aonyeshe kuwa migunga ina wenyewe. Akipeleka pori tupu, mhandisi atamuuliza: sasa aliyeumia ni nani?

Ndiyo maana mimi ningeuacha mtungi. Hauna uso wa kuhurumiwa wala mbavu za kuhesabiwa. Unasema tu kwamba kuna mtu ameamka mapema kuliko mpigapicha.

Kazi ni kazi, nikautoa. Ila nakala yenye mtungi nilijichapishia ndogo, nikaibandika juu ya kaunta. Juzi mama muuza omena aliyekuja kutoa picha za pasipoti aliitazama muda mrefu, halafu akauliza shimo lile lina kina gani, na mchanga unazuiwaje usiporomoke. Sikuwa na jibu. Nimempigia kijana, naye hakuuliza.