Mageuko si ngazi ya kupanda

Ndugu mwandishi, makala nimeisoma yote, ila uliposema hadithi za kusafiri katika wakati humchora binadamu wa kesho akiwa ametupita akili, hapo nakataa. Chukua riwaya ya The Time Machine ya H. G. Wells, ya mwaka 1895. Msafiri anatua mwaka 802,701 na kukuta jamii mbili: Eloi, vijitu virembo, vivivu vya kufikiri, vinavyokula matunda na kuogopa giza, na Morlock, weupe kama mchwa, wanaoishi chini ya ardhi na mitambo yao, ambao usiku huibuka kuwawinda hao Eloi na kuwala. Wote wawili ni vitukuu vyetu! Wells hakubahatisha, maana biolojia alifundishwa London na T. H. Huxley, mtetezi mkali wa Darwin na nadharia yake ya mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi baada ya kizazi. Mageuko ya viumbe hayana juu wala chini. Samaki wa mapangoni wamepoteza macho kizazi baada ya kizazi, na maisha yanaendelea. Kwangu miaka laki nane ni michache kwa mabadiliko makubwa vile, lakini (nakiri) msafiri aliposonga mbele zaidi katika wakati hadi kule ufukweni, jua jekundu likififia na kaa wakubwa wakitambaa, nilisahau kuhesabu.