Kambale Washuka Kituo cha Chuo

Kituo cha daladala cha chuo kikuu kimoja upande wa Nyegezi, kusini mwa jiji la Mwanza, hakina hata benchi. Kina mwembe, vijana wa bodaboda wanaosinzia juu ya pikipiki zao, kibanda cha fotokopi na mama wa chapati. Kila asubuhi magari yanayotoka mjini kupitia Mkuyuni na Butimba huwamwaga hapo wanafunzi waliobanana kiasi cha kutojua mguu upi ni wa nani. Mimi nilishuka hapo siku ya usaili wa kazi ya ualimu, nikiwa na suti ya kuazima na kiroba kisicho changu.

Kiroba hicho kilipandia Mkuyuni pamoja na mwenyewe, mama mmoja wa makamo ambaye, baada ya kukosa siti na kuitikia shikamoo yangu, alinipakatisha akisema, "Nishikie hapo mwanangu, ni vitu vidogo tu." Aliyekaa humshikia mzigo aliyesimama, na kumuuliza mtu mzima ndani kuna nini ni utovu wa adabu. Tulipofika Butimba kiroba kilinipiga teke. Nilimtazama mama, yeye alikuwa akitazama dirishani kama abiria asiye na mzigo.

Pale Nyegezi alishuka kuwapisha waliokuwa wakitoka, konda akagonga bati, na gari likaondoka likimwacha mama barabarani anapiga kelele. Nilipolalamika, konda alinijibu kwa upole wa kuudhi, "Atapanda la nyuma, mzee, sisi tunatafuta hesabu."

Basi nilipokanyaga ardhi ya kituo, kamba ya kiroba ilifunguka na kambale wakamwagika. Anayedhani kwamba kila samaki akitolewa majini hufa papo hapo hajakutana na kambale, ambaye mbali na matamvua ana kiungo kingine cha kuvutia hewa, na akiwa na unyevunyevu huweza kukaa nchi kavu kwa saa kadhaa huku akijikokota kwa miiba ya mapezi yake. Tena hana magamba, ni utelezi mtupu, kwa hiyo kila niliyemkamata alinikabidhi ute wake kwenye mikono ya koti na kuendelea na safari.

Waliokuwa nyuma, ambao hawakuona vizuri, walipiga kelele za "Nyoka!" Msichana mmoja alirukia pikipiki iliyokuwa karibu, na mwenye pikipiki akazinduka usingizini, akadhani amepata abiria, akawasha na kuondoka naye. Kambale mkubwa kuliko wote aliingia kibandani na kujilaza juu ya kurasa za utafiti wa mtu zilizokuwa zimetoka kwenye mashine muda huo huo, sharubu zake zikitambaa juu ya neno "Shukrani".

Mama alifika kwa bodaboda nikiwa nimepiga magoti. Aliniagiza kwanza nimlipe dereva, kwa kuwa eti mimi ndiye niliyekimbia na mali yake, kisha akahesabu samaki, akawakuta wametimia, akainua macho na kuuona umati uliokuwa umejaa. Sijawahi kuona hasira ikigeuka biashara kwa kasi ile. "Shikilia kiroba mwanangu," akasema, "hapa kuna wateja."

Nikashikilia. Mzee mmoja mwenye miwani alisimamisha gari lake na kuniuliza mimi, si mama, yule mkubwa ni bei gani. Mama alininong'oneza elfu kumi na tano. Mzee akataka kwa kumi. Nikakataa kwa ukali ambao hadi leo sijui niliutoa wapi. Alilipa yote, akaondoka na samaki wake katika mfuko mbadala, maana ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019.

Saa tano niliitwa ndani. Mzee wa miwani alikuwa amekaa katikati ya jopo, na chini ya kiti chake mfuko ulikuwa ukitikisika.

"Huyu tunafahamiana," akawaambia wenzake kabla sijaketi. "Hapunguzi bei."