Dawa ilikuwemo jamani

Naona jamaa yangu ameshawafikia kabla yangu na hadithi yake kwamba nilisafisha filamu kwa maji matupu, maana tangu asubuhi inbox imejaa emoji za matone ya maji, na kuna mmoja wenu kaniuliza eti huwa natia na chumvi. Sasa tulieni niwaambie. Mimi sikusafisha filamu kwa maji ya bomba. Dawa ilikuwemo. Ilikuwemo kidogo, lakini ilikuwemo.

Kwa wale wageni: kamera yangu ni ile kubwa ya kujifunika kitambaa cheusi kichwani, inatumia filamu ya vipande, inchi 4 kwa 5, kipande kimoja picha moja. Na huyu huyu anayewasimulia ndiye aliyekaa kupigwa. Suti nyeusi, tai, shati jeupe limepigwa pasi hadi linaumiza macho, nimemwambia asitikisike na kweli hakutikisika, mtu kabana pumzi mpaka mishipa ya shingo imesimama. Vipande 4 vya filamu aina ya FP4 Plus. Nawapa haya ili mjue uzito wa kesi.

Na kabla ya hapo nilikuwa nimemchosha na mhadhara wa developa, yaani dawa ya kutoa picha kwenye filamu, hilo hajawaambia. Nikamwelezea Rodinal, dawa ipo tangu 1891 na bado watu wanaitumia, wanaoilaumu wanasema inatoa punje punje kwenye picha, nikamwambia punje ni shida ya filamu ndogo za milimita 35, huku kwetu kipande kimoja kina eneo zaidi ya mara 13, punje utaitafutia wapi. Halafu baada ya kuisifu vyote hivyo nikachagua developa nyingine, HC-110. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kabatini, na muda wake naujua kwa kichwa: 1+31, yaani dawa sehemu 1 kwa maji sehemu 31, nyuzi 20, dakika 9, ila kwenye trei unavichezesha vipande muda wote kwa hiyo nashusha mpaka 8. Niliongea kiprofesa sana, kidole juu.

Sasa hii HC-110 ya zamani ni asali. Kuvuta mililita 31 kwa bomba la sindano ni vita, nusu inabaki ndani inakuangalia. Kwa hiyo kipindi fulani nilijifanya mjanja nikaichanganya mapema, dawa sehemu 1 maji sehemu 3, ambayo siku ya kazi unaiongezea maji mara 7 unapata 1+31 ile ile. Hesabu haina kosa, fanyeni wenyewe. Ila huo mchanganyiko niliutia kwenye chupa ileile ya zamani ambayo kwa maka peni, kwa mkono wangu, kwa herufi za kusomeka hata na kipofu, nilishaandika 1+31, wakati sasa ilitakiwa isomeke 1+7.

Walioelewa wasicheke kwanza, tunaelekea huko.

Siku ya siku nikachomeka bomba nikavuta 31. Ikaja fyuuu. Hakuna kugombana wala kuvutana, ikajaa yenyewe. Mkono ukashtuka kabisa, mkono haukuwa na tatizo siku ile. Kichwa ndo kikajibu: si wanasema toleo la siku hizi limekuwa jepesi? Na kweli ni jepesi, sijatunga. Ila langu lilikuwa la zamani.

Taa zikazimwa. Simu nikamnyang'anya kwa sababu filamu hii inaona kila rangi, hata ile taa nyekundu ya chumba cha giza haituokoi, kwa hiyo akawa anahesabu sekunde kwa mdomo, tena kwa wimbo, mia mbili na kumi na moooja, na mimi gizani nachukua kipande cha chini naweka juu, cha chini naweka juu, upande wenye utando wa picha ukitazama juu, napapasa vile vikato vya kwenye kona kuhakikisha sijageuza. Niseme ukweli, nilikuwa najisikia fundi. Nilivilowesha kwanza kwenye maji kimoja kimoja visigandane, hakuna nilichokwaruza, mikono inateleza vizuri. Kwenye kazi ya mikono nilipata mia kwa mia.

Nikavihamishia kwenye fiksa, ile dawa ya kuifanya picha idumu, nikasubiri kidogo, nikawasha taa.

Vipande vinakuwa na ukungu wa maziwa hapo, ni kawaida, ni ile fedha ambayo developa haikuigusa na fiksa ndo inaiyeyusha, ukungu ukiondoka inabaki picha. Jamaa kainama juu ya trei, nimemshika tai isiingie. Ukungu ukaanza kuondoka kwenye kona. Nikamwambia tulia, unakuja. Kona ikawa safi, tukaona sakafu ya trei. Ukaondoka juu, pale panapotakiwa kukaa nywele. Sakafu ya trei. Yeye bado anatabasamu. Ukashuka pale pa paji la uso, mimi nimeacha kupumua, ukashuka tena, sakafu ya trei, na kuna mkwaruzo kwenye hiyo trei ambao miaka yote sikuwahi kuuona vizuri namna ile.

Akauliza taratibu, "Kaka, mimi natokea upande gani?"

Nikasema subiri. Nikakitikisa. Nikakigeuza. Nikachukua kingine, nikachungulia na chini yake, sijui nilidhani kajificha wapi.

Hapo nikakipeleka kwenye taa, natafuta wa kulaumu. Nilikuwa tayari kuilaumu shata, kile kimlango cha mwanga cha kamera, nimeshaandaa na sentensi.  Ila chupa ya dawa jamaa alikuwa ameshaishika mkononi, anaipeleka kushoto, kulia, inacheza chwa chwa ndani, "Mbona maji haya?" Ndo maji mnayoyasikia huko yalipozaliwa.

1+3, halafu juu yake 1+31. Jumla 1+127. Robo ya nguvu, kwa dakika zile zile 8, kwa wimbo.

Mengine mnajua. Niliskani nikavuta kontrasti mpaka kompyuta ikaanza kupuliza feni, na kwa kuwa kwenye negativu sehemu ang'avu ndizo zinazopata fedha nyingi, vilivyotokea ni shati na meno. Kichwa hakuna, suti hakuna. Mtu kanishauri seleniamu, dawa ya kukoleza negativu iliyofifia, asante, lakini seleniamu inaongeza nguvu pale ambapo fedha ipo na huyu kwenye pua hana hata chembe. Lebo nimebandika mpya. Na shati na meno kaiweka profile picture, ina likes kuliko kazi zangu zote, na nyie mliolike nawaona kwa majina.

Jumamosi tunarudia. Suti ile ile, kasema, ila bomba la sindano anashika yeye.