Mkuza wa umeme ukifunguliwa kwa matembezi, nani alipe mtu akiumia?

Chini ya njia kuu za umeme hupita ukanda mrefu wa ardhi usiojengwa, yaani mkuza. Kandokando ya mabwawa kuna fukwe, vichaka na vijia vya wavuvi. Ardhi hiyo ni ya kampuni za umeme na maji, na miji iliyobanana inaitamani kwa matembezi na baiskeli. Mara nyingi kinachokwamisha ni swali la wanasheria: mtu akiumia humo, nani atadaiwa?

Marekani imelijibu kwa kinga. California ilitunga kifungu cha 846 cha sheria yake ya madai mwaka 1963, na leo majimbo yote 50 yana sheria za aina hiyo. Kwa jumla, mwenye ardhi anayewaachia watu waburudike bure hawajibiki kuwahakikishia usalama, ila kama aliijua hatari na kwa makusudi akaacha kuwaonya. Akitoza kiingilio, kinga humponyoka. Mwaka 2013 Texas iliziandikia kampuni za umeme sheria yao mahususi, ambayo kwa vitendo ililenga kaunti ya Harris, uliko mji wa Houston, ili mikuza ifunguliwe kwa umma. Kampuni hubaki na dhima pale palipo na uzembe mkubwa au tendo la makusudi.

Wanaotetea kinga wana hoja nzito. Kampuni haipati chochote kwa kuwafungulia watu ardhi yake, na bila kinga ushauri wa kwanza wa mwanasheria wake utakuwa kujenga uzio. Gharama za bima na kesi nazo huishia kwenye ankara za wateja wote, hata wasiokanyaga huko. Ila hoja inayonigusa zaidi ni ya uhuru. Mwaka 2003 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza, lilikataa madai ya kijana wa miaka 18 aliyejirusha kwenye maji ya kina kifupi katika ziwa la bustani ya umma huko Cheshire, akavunjika shingo na kupooza. Mabango ya kukataza kuogelea yalikuwepo. Majaji walisema hatari ya kujirusha ilikuwa wazi kwa mtu mzima, na si haki umma mzima upokonywe ufukwe kwa sababu ya wachache wanaopuuza onyo. Nakubaliana nao, ingawa siwezi kuisoma hukumu ile bila kumsikitikia kijana yule.

Lakini hatari ya ziwa lile ilionekana. Chini ya bwawa la umeme mto unaweza kuwa mtulivu, watoto wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe, kisha mahitaji ya umeme yanapanda, mitambo inawashwa, na maji yanajaa kwa dakika chache bila wingu hata moja angani. Kwenye waya za msongo mkubwa, umeme huweza kuruka hewani hadi kwenye fimbo ya kuvulia samaki kabla haijagusa kitu. Hatari hizi hazikuletwa na maumbile. Zimetengenezwa na kampuni, na ratiba yake anaijua aliye kwenye chumba cha mitambo. Mtembezi hana namna ya kujikinga na jambo asiloambiwa.

Baraza hilohilo la Malodi lilikuwa limeligusa jambo hili mwaka 1972. Mtoto wa miaka 6 aliungua kwenye reli ya umeme baada ya kupenya uzio uliobomoka. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaarifiwa kuwa watoto wameonekana relini, na pengo halikuzibwa. Ingawa mtoto alikuwa mvamizi machoni pa sheria, shirika la reli lilishindwa.

Kwa hiyo naona kinga ifunike mizizi, mashimo, miteremko na maji yanayoonekana. Isifunike umeme, milango ya bwawa wala kitu chochote kinachobadilika kwa amri ya kampuni. Hapo uzembe wa kawaida utoshe kumpa mlalamikaji haki yake, kwa sababu kigezo cha "uzembe mkubwa" kinamtaka athibitishe kuwa kampuni ilijua, ilhali ushahidi uko kwenye makabati ya kampuni hiyohiyo: ripoti za ukaguzi, taarifa za king'ora kibovu, malalamiko ya wakazi.

Kampuni zitasema kwamba kulazimishwa kuandika kila hitilafu ni kujichimbia kaburi mahakamani. Hofu hiyo ina msingi, na sheria inaweza kuiondoa. Hitilafu iliyoandikwa na kurekebishwa ndani ya muda uliowekwa isitumiwe kama ushahidi dhidi ya kampuni. Ile ambayo haikuandikwa popote iivue kampuni kinga yote kwa ajali iliyotokana nayo, hata kama mlangoni palikuwa na bango la onyo.